Mwendo wa duara wa chembe yenye chaji: uchague fremu ipi kwa hesabu ipi

Elektroni ikiingia kwa pembe mraba kwenye uga wa sumaku ulio sawa kila mahali, inachora duara. Hivyo ndivyo anavyoona mtu aliyetulia maabarani. Anayepita pembeni kwa kasi anaona saikloidi, mstari wa matao yanayofuatana. Aliye juu ya jukwaa linalozunguka anaweza kuiona elektroni hiyohiyo imetulia tuli, au ikienda na kurudi kwenye mstari mnyoofu. Hakuna aliyekosea kati yao. Kila mmoja anapima mwendo kutoka kwenye fremu yake, yaani mahali anapojiona ametulia. Tofauti iko kwenye ugumu wa hesabu, na kwenye mahali makosa yanapojificha.

Ili fremu zote zipimwe kwa mizani moja, tutatumia elektroni moja kote. Chukua jozi ya koili za Helmholtz (koili mbili zinazotazamana, zenye uga ulio karibu sawa katikati), kila moja mizunguko 130, nusukipenyo 15 cm. Ukipitisha ampea 1.28, katikati unapata uga wa karibu 1 mT. Elektroni ichapuliwe kwa volti 250, kisha iachwe katikati ya koili. Namba zake ni hizi (e ni chaji ya elektroni, m masi yake, V volti zilizoichapua, B uga wa sumaku; chini, E ni uga wa umeme, u velositi ya mtazamaji, na eV ni nishati ambayo elektroni inapata ikichapuliwa kwa volti moja):

- kasi v = √(2eV/m) = 9.38 × 10⁶ m/s, yaani asilimia 3.1 ya kasi ya mwanga
- frikwensi ya pembe ω = eB/m = 1.759 × 10⁸ rad/s, mzunguko mmoja ni nanosekunde 35.7
- nusukipenyo r = v/ω = 5.33 cm
- kani evB = 1.50 × 10⁻¹⁵ N, kuelekea kitovu

| Fremu | Mwendo unaouona | Uga wa umeme | Nishati mwendo | Inafaa kwa |
|---|---|---|---|---|
| Maabara | duara | hakuna | 250 eV daima | kupima, kuripoti majibu |
| Inayosafiri sambamba na B | mstari wa parafujo hugeuka duara | hakuna | haibadiliki | elektroni iliyoingia kwa mshazari |
| Inayosafiri kukatiza B | saikloidi na jamii yake | u × B | inapanda na kushuka | kuelewa uga wa umeme unatoka wapi |
| Ya kitovu kinachohama | saikloidi hugeuka duara | unafutika | haibadiliki | nyuga za E na B zinazokatana |
| Inayozunguka kwa ω | elektroni imetulia | wa kuelekea nje | sifuri | mwangwi wa mawimbi |
| Inayozunguka kwa ω/2 | duaradufu au mstari | upo | inabadilika | lenzi za sumaku, miale ya elektroni |

## Maabara

Anza hapa. Kwa maswali mengi ya kidato cha sita utamalizia hapahapa. Kani pekee ni qv × B (q ni chaji ya chembe), nayo daima iko pembe mraba na mwendo, kwa hiyo haifanyi kazi yoyote. Elektroni iliyoingia na 250 eV inabaki na 250 eV katika kila nukta ya duara. Tena ω haina v ndani yake: elektroni ya 100 eV na ya 250 eV zinamaliza mzunguko kwa muda uleule, ila ya pili inachora duara kubwa zaidi. Ernest Lawrence aliijenga saiklotroni, mashine ya kuchapua chembe zikiwa zinazunguka, mwanzoni mwa miaka ya 1930, juu ya jambo hilo.

Vyombo vyako vyote vya kupimia viko kwenye fremu hii: rula, ammita, voltimita. Jibu lolote utakalopata kwenye fremu nyingine, lirudishe hapa kwanza ndipo ulilinganishe na kipimo.

Makosa ya hapa ni ya mikono zaidi kuliko ya nadharia. La kwanza ni alama ya chaji. Uga ukikuelekea usoni, elektroni inazunguka kinyume cha mwendo wa saa, protoni inafuata mwendo wa saa. Ukisahau, kila fremu inayozunguka utakayoijenga baadaye itageukia upande usio wake, na hapo elektroni haitulii bali inaonekana ikizunguka kwa kasi maradufu.

La pili ni uga wa Dunia. Afrika Mashariki uko kwenye 0.03 mT na kidogo, yaani asilimia 3 ya uga wa koili zetu. Ukielekeza mhimili wa koili kaskazini–kusini, sehemu kubwa ya asilimia hizo inaingia moja kwa moja kwenye nusukipenyo. Uelekeze mashariki–magharibi: uga wa Dunia utabaki kukatiza ule wa koili, ukubwa wa jumla utaongezeka kwa chini ya asilimia 0.1, na utakachoona ni duara lililoinama kama nyuzi 2.

La tatu ni elektroni kutoingia sawasawa kwa pembe mraba. Ikipotoka kwa nyuzi 5 tu, sehemu ya velositi iliyo sambamba na uga ni 8.2 × 10⁵ m/s, na baada ya mzunguko mmoja elektroni imesogea 2.9 cm kando. Duara halifungi. Nusukipenyo kimepungua kwa asilimia 0.4 pekee, kwa hiyo anayepima kipenyo bila kutazama ubavuni hatagundua lolote.

Kwa tatizo hilo la tatu, upande wa hesabu, dawa ni rahisi kuliko zote: safiri sambamba na B kwa 8.2 × 10⁵ m/s. Kusafiri kwa kufuata uga hakuubadilishi na hakuzalishi uga wa umeme. Parafujo inakuwa duara, basi. Hakuna fremu ya bei nafuu kuliko hii, na inashangaza jinsi wanafunzi wanavyoiruka na kuanza kupambana na vekta za pande tatu.

## Kusafiri kukatiza uga

Sasa mtazamaji anasafiri kwa velositi u, pembe mraba na B. Kwa kasi ndogo ukilinganisha na mwanga, uga wa sumaku anaouona ni uleule, lakini umeongezeka uga wa umeme:

E′ = u × B

Hili si pambo la hesabu. Tuseme u imechaguliwa iwe sawa na velositi ya elektroni kwa nukta moja ya duara. Kwa mtazamaji huyu elektroni wakati huo imesimama. Chembe iliyosimama haiguswi na uga wa sumaku hata kidogo. Mbona basi inaondoka pale na kuanza kupinda? Kwa sababu ya E′, ambao kwa namba zetu ni 9.38 × 10⁶ × 10⁻³ = 9,380 V/m. Zidisha kwa chaji ya elektroni: 1.50 × 10⁻¹⁵ N, kani ileile ya maabara. Kule iliitwa ya sumaku, huku inaitwa ya umeme.

Njia inayochorwa ni saikloidi, ile ya kokoto lililonasa kwenye tairi la baiskeli inayokwenda: inagusa chini, inasimama kwa nukta ya muda, inapanda, inafika juu kwa kasi maradufu, inarudi chini. Kutoka ncha moja hadi nyingine ni 2πr, yaani 33.5 cm.

Nishati ndipo watu wengi wanapokwama. Kwenye ncha elektroni ina 0 eV. Juu kabisa kasi yake ni 2v, kwa hiyo nishati ni mara nne ya 250, yaani 1,000 eV. Imetoka wapi? Fuata uga wa umeme: elektroni imepanda 2r = 10.66 cm ndani ya uga wa 9,380 V/m, na 9,380 × 0.1066 ni volti 1,000. Hesabu imefunga. Ikishuka inairudisha yote. Anayesema "uga wa sumaku haubadilishi nishati" bado yuko sahihi, maana kazi yote imefanywa na E′.

Pima pia kani ya pale juu. Sumaku inavuta kwa e(2v)B, umeme unasukuma kinyume kwa evB, jumla ni evB. Mchapuko ni 1.65 × 10¹⁵ m/s² kwa watazamaji wote wawili, kama inavyotakiwa kati ya fremu mbili za inesha (zinazokwenda kwa velositi isiyobadilika) kwa kasi hizi ndogo. Ukipata mchapuko tofauti, umesahau mojawapo ya kani.

Je, uichague fremu hii kwa kutatua swali? Kwa kawaida hapana. Umechukua duara safi ukaligeuza saikloidi, na umeongeza uga ambao haukuwapo. Thamani yake ni kukufundisha njia ya kurudi, ambayo ndiyo sehemu inayofuata.

Kipimo kimoja cha usahihi kabla ya kuendelea. Kiasi E² − c²B² (c ni kasi ya mwanga) hakibadiliki kwa mtazamaji yeyote wa fremu ya inesha. Maabarani ni −8.99 × 10¹⁰ V²/m². Ukitumia E′ = uB na B′ = B bila kizidishi cha uhusianifu γ = 1/√(1 − u²/c²), jibu linapotoka kwa karibu asilimia 0.1. Ukitumia E′ = γuB na B′ = γB, linarudi sawasawa. Kwa elektroni ya 250 eV tofauti hiyo unaweza kuiacha. Kwa ile ya 50,000 eV usithubutu.

## Fremu ya kitovu: hapa ndipo faida inapoanza

Geuza tatizo. Maabarani kuna uga wa umeme na wa sumaku kwa pamoja, ukikatana kwa pembe mraba. Elektroni inachora saikloidi, na kuitatua kwa nguvu kunahitaji milinganyo miwili iliyofungamana. Badala yake tafuta mtazamaji ambaye kwake E imefutika:

u = E × B / B²

Kwake kuna duara tu. Tatua duara, ongeza u, umemaliza.

Mfano: bamba mbili zilizotengana kwa 5 cm, volti 100 kati yake, uga wa 1 mT sambamba na bamba. E ni 2,000 V/m, hivyo u ni 2 × 10⁶ m/s. Elektroni inatoka kwenye bamba hasi ikiwa imetulia. Katika fremu ya kitovu inaonekana ikienda kinyumenyume kwa 2 × 10⁶ m/s, duara lake lina nusukipenyo 1.14 cm. Kwa hiyo maabarani inapanda hadi 2.27 cm, halafu inarudi. Haifiki bamba chanya. Hakuna mkondo.

Ongeza volteji uone itakapofika. Inafika pale 2r inapokuwa sawa na nafasi d kati ya bamba, na hiyo inatoa V = eB²d²/2m. Kwa namba zetu ni volti 220. Chini ya hapo mkondo umekatika, juu ya hapo unapita. Albert Hull alieleza mkatiko wa aina hii mwaka 1921 kwa elektrodi za silinda, na magnetroni, valvu ya elektroni inayodhibitiwa kwa sumaku, ikazaliwa kutoka hapo. Kwa mistari mitatu ya hesabu umepata jibu ambalo maabarani lingekula ukurasa mzima.

Ila fremu hii ina masharti.

Kwanza, E lazima iwe ndogo kuliko cB. Kwa 1 mT mpaka ni 3.0 × 10⁵ V/m. Ukiuvuka, fomula ya u inakupa kasi kubwa kuliko ya mwanga, ishara kwamba mtazamaji huyo hayupo. Aliyepo ni yule anayefuta B, na kwake elektroni inachapuka kwa umeme mtupu, bila duara.

Pili, E na B lazima ziwe pembe mraba. Ikiwapo sehemu ya E iliyo sambamba na B, hakuna fremu ya inesha inayoweza kuifuta. Ifanyie hesabu yake pembeni.

Tatu, nyuga ziwe sawa kila mahali ndani ya duara zima. Velositi ya kitovu ni ileile kwa elektroni na protoni, jambo zuri sana kwa wanaosoma plazima (gesi ya chembe zenye chaji), lakini protoni yenye 2 × 10⁶ m/s ndani ya 1 mT inahitaji duara lenye nusukipenyo cha karibu mita 21. Ndani ya kifaa cha sentimita chache duara hilo halipo. Fomula itakupa u bila kulalamika, na jibu litakuwa la uongo.

Mbinu hiihii inashughulikia mvutano wa Dunia: tafuta mtazamaji ambaye uga wake wa umeme unaifuta mg, uzito wa chembe. Kwa elektroni kitovu kinahama kwa mg/eB, yaani 5.6 × 10⁻⁸ m/s. Kwa protoni ni karibu 1 × 10⁻⁴ m/s, upande wa pili. Tofauti na E × B, hapa kila chembe inadai fremu yake.

## Fremu mbili zinazozunguka

Tukiacha fremu za inesha, kani zinaongezeka. Kwa fremu inayozunguka kwa kasi ya pembe Ω, mlinganyo wa mwendo una vipande vinne (alama ′ ni kitu kinavyoonekana ndani ya fremu hiyo, r ni mahali kutoka kwenye mhimili):

ma′ = q v′ × B + q(Ω × r) × B − 2mΩ × v′ − mΩ × (Ω × r)

Cha kwanza ni kani ya sumaku kwa velositi inayoonekana. Cha pili ni kani ya uga wa umeme uliozaliwa na mzunguko. Cha tatu ni kani ya Coriolis, inayopinda chochote kinachosogea ndani ya fremu, cha nne ni ya sentrifugali, inayosukuma nje. Hizi mbili ni kani za kubuni, zinazotokana na mzunguko wa fremu tu. Sasa angalia kwa makini: cha kwanza na cha tatu vinategemea velositi, cha pili na cha nne vinategemea mahali. Uchaguzi wa Ω ni uchaguzi wa jozi gani uifute.

Ukichagua Ω = −qB/m, kasi kamili ya saiklotroni, jozi ya mahali inafutika yote. Kinabaki −mΩ × v′. Elektroni iliyotulia inabaki imetulia, popote ilipo.

Hapa kuna swali ambalo limewachanganya wengi: elektroni imetulia, basi sumaku haiigusi, kani ya sentrifugali inaisukuma nje, kwa nini hairuki? Jibu ni kipande cha pili. Ndani ya fremu hii kuna uga wa umeme wenye ukubwa ΩBr, ukielekea nje kutoka kwenye mhimili, na elektroni kwa kuwa ni hasi inavutwa ndani. Kwa r = 5.33 cm uga huo ni 9,380 V/m, kani 1.50 × 10⁻¹⁵ N ndani, sentrifugali 1.50 × 10⁻¹⁵ N nje. Zimelingana. Anayeandika kani za kubuni peke yake na kusahau E atapata elektroni inayoruka, halafu atailaumu fizikia.

Uga huo ni wa ajabu kwa jambo moja. Unakua kadiri unavyotoka kitovuni, na ukiupitisha kwenye sheria ya Gauss ya kawaida, inayounganisha uga wa umeme na chaji inayouzaa, unakuambia kuna chaji imetanda kila mahali, yenye msongamano wa 3.1 × 10⁻⁶ C/m³. Chaji hiyo haipo. Milinganyo ya Maxwell, sheria za msingi za umeme na sumaku, katika sura tunayoifundisha ni ya fremu za inesha. Kwenye fremu inayozunguka inabadilika sura. Kwa hiyo tumia E hiyo kukokotoa kani, usiitumie kutafuta chaji.

Mambo mawili zaidi ya kuchunga. Mhimili wa fremu lazima upite kwenye kitovu cha duara la elektroni, la sivyo elektroni haitulii: inachora duara kinyume, lenye nusukipenyo sawa na umbali kutoka mhimili hadi kitovu halisi. Na usitumie fomula hizi mbali na mhimili. Ωr inafikia kasi ya mwanga kwenye mita 1.7 kwa 1 mT, na makosa yanaanza kuonekana mapema kabla ya hapo.

Kwa swali la kawaida fremu hii haifai. Unalipa kani tatu ili upate chembe isiyokwenda. Inalipa pale panapokuwa na wimbi linalozunguka kwa frikwensi ileile ya elektroni, kama kwenye vyanzo vya ayoni vinavyotumia mikrowevu ya 2.45 GHz na uga wa 87.5 mT. Maabarani elektroni inachora mzunguko unaopanuka bila kukoma. Katika fremu hii wimbi limesimama, na elektroni, ukiacha kaduara kadogo inakochora njiani, inahama kwa mstari mnyoofu kwa kasi ya E₀/B (E₀ ni ukubwa wa uga wa umeme wa wimbi). Kuona kwamba nusukipenyo kinakua sawia na muda hakuhitaji tena kutatua chochote.

Ukichagua Ω = −qB/2m, nusu ya kasi hiyo, jozi ya velositi ndiyo inayofutika: Coriolis na sumaku zinaondoana kabisa. Kinabaki kani ya mahali pekee, −mΩ²r, kuelekea mhimili. Hiyo ni kani ya springi. Mwendo ni mtetemo sahili wa pande mbili, na njia yake ni duaradufu ambayo kitovu chake kiko kwenye mhimili. Hii ndiyo fremu ya Larmor, kutokana na Joseph Larmor aliyetoa kanuni yake mwaka 1897, na kwa maoni yetu ndiyo inayosahaulika kuliko inavyostahili.

Kama kitovu cha duara la maabara kiko umbali R kutoka mhimili na nusukipenyo ni ρ, nusu-mihimili ya duaradufu ni R + ρ na |R − ρ|. Duara linalopita katikati kabisa ya mhimili, yaani R = ρ, linalalia kuwa mstari mnyoofu. Elektroni inakwenda na kurudi kama uzito kwenye springi.

Na hicho ndicho kinachotokea ndani ya solenoidi. Elektroni zinatoka nukta moja kwenye mhimili, zimetawanyika kidogo kila upande. Maabarani kila moja inachora parafujo yake na picha ni msukosuko mtupu. Kwenye fremu ya Larmor zote ni mistari minyoofu inayotetemeka, na mtetemo sahili una muda mmoja bila kujali upana. Zote zinarudi kwenye mhimili pamoja, baada ya nusu mtetemo. Kwa elektroni zetu za 250 eV ni nanosekunde 35.7, au 33.5 cm mbele. Hapo una lenzi. Hans Busch alionyesha mwaka 1926 kwamba koili fupi inafanya kazi ya lenzi kwa elektroni, na hadubini ya elektroni ikafuata.

Fremu yenyewe lakini inazunguka, kwa hiyo ukirudi maabarani taswira imegeuka. Pembe ni eBL/2mv. Kwa 10 cm ya uga wa 1 mT ni nyuzi 54. Anayesahau kurudisha pembe hii anapata ukali sahihi wa taswira na mwelekeo usio sahihi. Ikiwa B inabadilika njiani, jumlisha kipande kwa kipande. Fremu inazunguka haraka pale uga ulipo mkali na polepole ulipo dhaifu, na hoja nzima bado inasimama.

Tahadhari ndogo: usiichanganye qB/2m na frikwensi ya Larmor ya wenye vifaa vya mwangwi wa sumaku ya viini. Ile ni ya spini, mzunguko wa ndani unaoifanya chembe iwe kama sumaku ndogo, na ina kizidishi g cha kiini husika, kinachopima nguvu ya sumaku hiyo.

## Kasi ikikaribia ya mwanga

Hapa ω inakuwa eB/γm, na swali la saa ya nani linaingia. Mfano bora ni ringi ya muoni (chembe kama elektroni lakini nzito zaidi na isiyodumu) iliyotumika kwenye maabara za Brookhaven na baadaye Fermilab, Marekani: nusukipenyo mita 7.11, uga 1.45 T, γ = 29.3.

Maabarani muoni inazunguka mara milioni 6.7 kwa sekunde, na inaishi wastani wa mikrosekunde 64.4. Katika fremu ambayo muoni imetulia, maisha yake ni mikrosekunde 2.2 tu, uga wa sumaku umekuwa 42.5 T, na uga wa umeme ni 1.27 × 10¹⁰ V/m. Kwa kuhesabu ni muoni ngapi zimebaki baada ya mizunguko kadhaa, fremu zote mbili zinatoa jibu moja. Ya maabara ni fupi zaidi, kwa sababu vihesabio viko huko.

Spini ni hadithi nyingine. Sheria ya spini ni rahisi katika fremu ya muoni iliyotulia, kwa hiyo wengi huanzia huko: chukua 42.5 T, kokotoa mzunguko wa spini, gawanya kwa γ kurudi maabarani, kisha toa mzunguko wa muoni yenyewe. Matokeo: 189.8 MHz. Kinachopimwa ni 0.229 MHz.

Kosa liko kwenye neno "fremu iliyotulia", kana kwamba ni moja. Muoni inapinda, kwa hiyo kila kitambo fremu yake ni mpya, na kuruka kutoka fremu moja hadi inayofuata kwa velositi isiyo sambamba na ya kwanza kunazaa mgeuko mdogo wa mihimili. Llewellyn Thomas aliueleza mwaka 1926. Kwenye ringi hii mgeuko huo, (γ − 1)eB/γm, ni 189.6 MHz, karibu jibu zima. Ukiutoa, kinachobaki ni a·eB/m, ambapo a = (g − 2)/2, na γ imetoweka kabisa kwenye fomula.

Kwa hiyo ukihitaji spini, fanya moja kati ya mawili. Tumia fremu zilizotulia na ubebe mgeuko wa Thomas kila hatua, au tumia mlinganyo wa Bargmann, Michel na Telegdi wa mwaka 1959, ambao tayari umeandikwa kwa nyuga za maabara. Wa pili ni salama zaidi, hasa ringi ikiwa na elektrodi za kuukusanya mwale, kwa sababu mchango wa uga wao wa umeme unaonekana wazi kwenye kipande kimoja, na unaona mara moja kwamba kipande hicho ni sifuri pale γ² = 1 + 1/a. Kwa a = 0.001166 hiyo ni 29.3, na ndiyo sababu ringi iliendeshwa kwenye 3.094 GeV/c.